Kipande, Kitambulisho, na Babu wa Kuulizwa

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetuagiza tuseme nanyi juu ya kitambulisho, kwa kuwa mwaka huu hakuna jambo lililoleta watu wengi zaidi mlangoni pa ofisi yetu ndogo. Waliokuja kwa habari ya mazishi tumewaandika, na waliokuja kwa habari ya karo tumewaandika. Lakini waliokuja kwa sababu ya kitambulisho wamewapita hao wote wakiwekwa pamoja. Wengi wao ni vijana waliokwisha maliza shule, wenye nguvu na akili, ambao hawawezi kuajiriwa kwa kazi ya haki, wala kusajili laini ya simu kwa jina lao wenyewe, wala kufungua akaunti ya benki, wala kupiga kura, kwa kukosa kadi ambayo mtu aweza kuifunika kwa kiganja.

Mtakumbuka pia ya kuwa katika mkutano uliopita hoja ililetwa kwamba Chama chetu kiandike barua ya kupinga kamati za kupiga watu msasa kabla ya kupewa vitambulisho. Maneno yakawa makali, na Mwenyekiti akaona heri hoja iahirishwe mpaka leo. Kwa hiyo maneno haya ni maandalio ya kura mtakayopiga baada ya chai. Hatutaficha upande tulio nao, lakini tutajitahidi kusema kwa haki hata yale yasiyotupendeza.

Yatupasa kwanza kueleza tulikotoka, kwa sababu vijana hulisikia neno kipande wakadhani ni jina la kale la kitambulisho, basi. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, lakini haikutekelezwa hata vita vilipokwisha, kati ya 1919 na 1920. Iliamuru kila mwanamume Mwafrika aliyepata umri wa miaka 16 aandikishwe, achukuliwe alama za vidole, apewe hati, naye aichukue popote aendapo nje ya rizavu yake. Hati ilitiwa ndani ya mkebe mdogo wa chuma, na mkebe ukatundikwa shingoni kwa kamba. Kule Ukikuyuni wengine waliuita mbugi, yaani kengele ya mbuzi, na jina hilo latosha kuonyesha jinsi wavaaji walivyojiona.

Sisi tulio makarani tukitazama safu za hati ile twafahamu upesi ilikuwa na kazi gani. Hapakuwa na jina na kabila peke yake. Paliandikwa jina la mwajiri, aina ya kazi, mshahara, siku ya kuanza, na siku ya kuachishwa. Mwajiri mpya alipoufungua mkebe aliuona mshahara wa zamani, akajua aanzie wapi. Mtu angesema nini zaidi, na bei yake imekwisha andikwa? Tena, mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia mtu, mtu yule hakuweza kuandikwa kazi kwingine. Akiondoka bila sahihi alihesabiwa kuwa mtoro, alama za vidole vyake zikatafutwa katika majalada ya Nairobi, naye akakamatwa kama mhalifu, ingawa kosa lake lilikuwa ni kuacha kazi. Mzungu hakuvaa mkebe, wala Mhindi.

Si vibaya wanachama wakumbuke ya kuwa vyama kama hiki chetu vilizaliwa katika ugomvi huo. Mwaka 1921, kule Lundha katika nchi ya Gem, walimu na wasomi wa misheni walikusanya watu wakaunda chama cha vijana wa Kavirondo, na miongoni mwa mambo waliyoyadai ni kuondolewa kwa kipande. Mwaka 1923, kwa uongozi wa Archdeacon W. E. Owen, chama hicho kiligeuzwa kuwa chama cha maslahi ya walipa kodi. Wako wanaosema kiligeuzwa ili kipoe, na huenda ni kweli. Lakini hata kilipopoa hakikuacha kuandika barua. Na huko Nairobi Harry Thuku, aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika ofisi ya Hazina, alisema juu ya kipande, kodi na kupunguzwa mishahara mpaka akakamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika kumdai ulipigwa risasi, akafa Mary Muthoni Nyanjiru pamoja na wengine wengi. Thuku alipelekwa Kismayu bila ya kuhukumiwa, akakaa uhamishoni kwa zaidi ya miaka minane.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ilitungwa sheria mpya ya mwaka 1947, iliyotaka wanaume wa rangi zote waandikishwe. Hapo walowezi wengi walipiga kelele, wakasema kuchukuliwa alama za vidole ni jambo la wahalifu. Alama hizo zilikuwa zimechukuliwa kwa Mwafrika karibu miaka 30, na kelele za namna ile hazikusikika kutoka kwao. Kisha ikaja Hali ya Hatari mwaka 1952. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakalazimishwa kuchukua vitabu vya pasi, na katika msako mkubwa wa Nairobi ulioanza tarehe 24 Aprili 1954 maelfu kwa maelfu walipangwa mistari. Mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho aliletwa mbele yao. Akitikisa kichwa hivi, mtu alikwenda zake. Akitikisa vile, alipandishwa lori kupelekwa kizuizini. Aliyeshtakiwa hakumjua mshtaki, wala hakuulizwa ana ushahidi gani. Twaomba mlishike jambo hili la gunia, maana tutalirudia.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1963 sheria ya kuandikisha watu haikufutwa. Ilibaki, nasi hatusemi ilikuwa kosa kubaki. Serikali yoyote yahitaji kuwajua watu wake. Lakini ni lazima kutaja kwamba hata mwaka 1978, sheria ilipobadilishwa, mwanamke hakuandikishwa. Yaani kwa miaka 15 ya uhuru wetu mama zetu walilima, walilipa karo, walipiga kura, na daftari la serikali halikuwa na kadi zao. Mwaka 1980 umri ukapandishwa kutoka 16 hadi 18, na ndivyo ulivyo leo. Kuandikishwa kwa vizazi na vifo nako hakukulazimishwa katika nchi nzima mpaka 1971. Tarehe hizi si za kupamba hotuba. Kijana anapoambiwa leo alete cheti cha kuzaliwa cha babu yake, au kadi ya nyanya yake aliyefariki kabla ya 1978, huwa anaagizwa alete kitu ambacho serikali yenyewe haikukitoa.

Hapo ndipo tunapofika penye shida yetu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 12, yasema kwamba kila raia ana haki ya kupata pasipoti na hati yoyote ya kuandikishwa ambayo serikali hutoa kwa raia. Haisemi raia wa bara au wa mpakani, wala haisemi raia mwenye jina la namna gani. Kwa wananchi walio wengi mambo huenda hivyo: kijana huleta cheti chake cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi, na neno la chifu, huchukuliwa alama za vidole na picha, akangoja. Lakini kwa wengine, hasa Wasomali, Waborana na majirani zao wa kaskazini, Wanubi, na sehemu kubwa ya Waislamu wa Pwani wenye asili ya Kiarabu au ya visiwani, hilo halikutosha. Waliongezewa mlango wa pili, ambao ni kamati ya msasa. Huko waliketi wazee na maofisa, na kijana aliulizwa ukoo wake, kijiji cha babu yake, na kwa nini anaitwa jina analoitwa. Kamati nyingine zilikaa mara chache tu kwa mwaka. Aliyekosa siku yake kwa ugonjwa au kwa nauli alingoja nyingine.

Kijana mmoja, mtoto wa mwanachama ambaye ada yake haijapungua hata mwezi mmoja, alimaliza shule ya sekondari pamoja na mwenzake waliyekaa dawati moja. Walikwenda kuomba vitambulisho siku moja, ofisi moja, kila mmoja na cheti chake cha kuzaliwa kilichotolewa na hospitali ileile. Mwenzake aliitwa kuchukua kadi kabla ya miezi miwili kuisha. Huyu wetu aliambiwa alete hati za babu, akazileta. Akaambiwa alete za nyanya, zikatafutwa, hazikuwako. Akaambiwa angoje kamati. Alingoja mwaka mmoja na miezi saba, na kazi ya ukarani wa ghala aliyokuwa ameahidiwa bandarini ikachukuliwa na mwingine. Hatuitaji ofisi, kwa kuwa si nia yetu kumshitaki mtu. Twataka tu wanachama waone kwamba vijana wawili walisimama mbele ya meza moja, wakatendewa kwa sheria mbili.

Wanachama waliosoma sheria wametuambia tusiseme ovyo kwamba msasa hauna msingi. Ni kweli unao. Sheria ya Kuandikisha Watu, katika kifungu cha 8, humpa mwandikishaji uwezo wa kudai ushahidi zaidi juu ya yale mtu aliyoyasema, na nyongeza ya baadaye iliruhusu kamati za kusaidia kuhakikisha habari. Lakini kifungu hichohicho chasema ushahidi unaodaiwa uwe ule ulio katika uwezo wa mtu kuuleta. Sisi tulipoyasoma maneno hayo tuliyasoma mara mbili. Kumbe sheria haikumwagiza mtu afufue wafu. Mengi ya yale vijana wetu wanayoulizwa hayakuandikwa na Bunge, yameongezwa mezani.

Wasomali wa Kenya waliuona msasa kabla ya wengi wetu. Mwishoni mwa 1989 serikali iliamuru wote wachunguzwe, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi, juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Basi mtu alikuwa na hati ya kusema ni raia, na hati nyingine ya kusema kwamba ile ya kwanza si ya uongo. Kuhusu Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari wa King's African Rifles na wakakaa Kibera tangu siku za mwanzo za Nairobi, jambo lao lilifika mbele ya Kamati ya Umoja wa Afrika ya wataalamu wa haki za mtoto. Mnamo Machi 2011 kamati hiyo iliamua kwamba Kenya imevunja haki ya watoto wa Kinubi ya kuandikishwa na kuwa na uraia. Huo ulikuwa uamuzi wake wa kwanza kabisa. Haitufurahishi kuona nchi yetu ikifungua daftari lile, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Na Wamakonde wa Kwale mwawajua, maana wengine wetu tumenunua vinyago vyao. Wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Walizaa, wakazikana hapa, na wajukuu wao hawakuwa raia wa nchi yoyote. Mnamo Oktoba 2016 mamia yao walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Aliwasikiliza, akaamuru waandikishwe, na katika 2017 walianza kupata vitambulisho. Washona waliokuja kutoka Zimbabwe kueneza dini, na Wapemba wavuvi, walifuata katika miaka iliyokuja nyuma. Twafurahi pamoja nao. Hata hivyo twajiuliza ni wangapi wenye haki ileile ambao hawakuwa na miguu ya kutembea mpaka Nairobi.

Liko jambo jingine ambalo wachache mjini hulijua. Kambi za wakimbizi za Dadaab zilipofunguliwa kuanzia 1991, ukame ulikuwa ukiwaua watu wa Garissa nao pia. Raia wengi walipeleka watoto wao kambini wakaandikishwa kama wakimbizi, kwa kuwa huko kulikuwa na unga, maji, dawa na shule. Watoto wakakua. Walipofika miaka 18 wakaenda kuomba vitambulisho, mashine ikasoma vidole vyao, ikasema hawa ni wakimbizi. Maelfu walinaswa hivyo. Hakuna aliyebisha kwamba wazazi wao ni Wakenya. Chifu aliwajua, majirani waliwajua. Kidole kilichokuwa kimekula chakula cha msaada mwaka wa njaa kikawa shahidi dhidi ya mwenyewe.

Sasa tuje kwa wale wanaounga mkono msasa, nao si maadui wa mtu. Mwanachama mmoja alisema katika mkutano uliopita maneno yaliyotunyamazisha sote. Ndugu yake aliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, siku waliyokufa watu 148, wengi wao wanafunzi. Alituuliza: ninyi mnaodai mlango uwe mmoja, je, mtaulinda ninyi? Kabla ya hapo kulikuwa na Westgate mwaka 2013 na Mpeketoni mwaka 2014. Mpaka wetu na Somalia ni mrefu, na makabila hukaa pande zote mbili. Mtu mwovu akipata kitambulisho cha Kenya atapanga nyumba, atanunua laini ya simu, atapita vizuizini. Hofu hiyo ni ya kweli, na Chama cha maslahi kisichoiheshimu hakistahili jina lake.

Tumeifikiria sana. Jibu letu la kwanza ni la kusikitisha. Mmoja wa wauaji wa Garissa alikuwa raia wa Kenya, aliyesoma sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake alikuwa chifu. Kamati ya wazee ingemuuliza nini ambacho asingekijibu vizuri kuliko kijana wetu wa bandarini? Babu anaye, kijiji anacho, chifu ndiye babaye. Msasa huuliza ukoo, na uovu hauandikwi katika ukoo.

Jibu la pili ni lile ambalo kila mtu hulinong'ona. Mlango wa pili ukiwapo, huwapo na mtu wa kuufungua kwa fedha. Mgeni mwenye nia mbaya hukosa mengi, lakini fedha hakosi. Anayebaki nje ni mtoto wa mchukuzi na mtoto wa mjane. Kadiri hati zinazodaiwa zinavyokuwa ngumu kupatikana kwa haki, ndivyo bei ya kuzipata bila haki inavyopanda, na soko hilo halimlindi mtu yeyote.

Na jibu la tatu ni gunia. Tulisema tutalirudia. Katika kamati, mzee mmoja akisema simjui huyu, mara nyingi huwa yamekwisha. Huenda kweli hamjui. Huenda alikosana na baba yake juu ya shamba. Kijana haambiwi nani alisema nini, wala hapewi karatasi yenye sababu ya kukataliwa ili aende nayo mahakamani. Hatuwafananishi wazee wetu na wale wa 1954; wengi hukaa kwenye kamati kwa nia njema. Twasema tu kwamba njia ya kuuliza ni ileile, na mwenye kukataliwa hubaki na giza lilelile.

Wengine watasema shida hii ni yetu Waafrika peke yetu. Sivyo. Huko Marekani, ambako ndugu zetu kadha wa kadha hukaa, jimbo la Arizona lilitunga sheria mnamo Aprili 2010, iliyoitwa SB 1070. Polisi aliyemsimamisha mtu kwa kosa lolote, akishuku kwa sababu ya maana kwamba huyo yuko nchini kinyume cha sheria, alipaswa kujaribu kuhakikisha hali yake. Na mgeni asiyechukua hati zake za kuandikishwa alifanywa mwenye kosa la jimbo. Waliounga mkono walisema serikali kuu imeshindwa kazi, na raia mwema hana la kuogopa. Waliopinga waliuliza shuku hiyo ina sura gani, na je, si ya mtu mweusi kidogo mwenye lafudhi ya Kihispania? Maana Marekani haina kitambulisho kimoja cha taifa ambacho raia wote hupaswa kukichukua. Kwa hiyo raia wa rangi ya Mmeksiko, ambaye babu zake walikuwa Arizona kabla ya kuwapo jimbo, angeweza kuzuiliwa njiani mpaka aonyeshe karatasi ambayo jirani yake Mzungu haulizwi kamwe. Mahakama Kuu yao, katika hukumu ya tarehe 25 Juni 2012, ilifuta sehemu tatu za sheria ile, pamoja na ile ya kuchukua hati, kwa kuwa mambo ya wageni ni ya serikali kuu. Lakini sehemu ya polisi kuuliza iliachwa isimame kwa wakati ule, ionekane itakavyotumika. Twalitaja jambo hili kwa sababu moja: hata penye mahakama zenye nguvu, ubishi ulikuwa uleule wa ofisi zetu, yaani nani ataulizwa, na nani hataulizwa.

Juu ya Huduma Namba hatutasema mengi. Wengi wetu tulipanga foleni katika Aprili na Mei 2019 tukatoa vidole. Mahakama Kuu ilisema Januari 2020 kwamba serikali yaweza kuendelea iwapo kwanza kuna sheria ya kutosha ya kulinda habari za watu, na Oktoba 2021 ikasema kadi zilikuwa zimetolewa kinyume cha sheria. Kilichotugusa sisi katika kesi ile ni kwamba Wanubi walikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani, na hoja yao ilikuwa nyepesi kuelewa: asiyepata kitambulisho cha zamani atapataje namba mpya? Ukiweka daftari jipya juu ya daftari lenye matundu, matundu hayazibiki.

Mnamo Februari 2025, huko Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kuondoa msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani kaskazini. Wengi walishangilia, na wengi walilaumu, wakisema ni kuwafungulia wageni mlango au ni kutafuta kura. Sisi hatuna mizani ya kupimia moyo wa Rais. Tunachokitazama ni kwamba tangazo si sheria ya Bunge. Lililotamkwa na mmoja laweza kutanguliwa na mwingine, na karani wa mezani huweza kulisahau kabla ya hapo.

Basi Halmashauri yaleta hoja hii mbele yenu. Chama hakidai kwamba kila aombaye apewe bila kuulizwa. Chama chadai maswali yawe yaleyale kwa kila mwombaji, yaandikwe katika sheria, na yatundikwe ukutani kwa Kiswahili. Mwombaji asidaiwe hati ambayo wakati wake serikali haikuwa ikiitoa. Na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, yenye jina na sahihi ya ofisa aliyekataa, katika muda uliowekwa. Ofisa akishuku mtu fulani kwa tendo fulani, na alichunguze tendo hilo, polisi wako. Barua imekwisha andikwa na nakala zimewekwa juu ya meza ya mhazini. Atakayeona neno linalomkera alitie alama, lisomwe kabla ya kura.

Twajua pia kwamba barua husafiri polepole. Kwa hiyo, hata hoja ikianguka, ofisi itaendelea na kazi yake. Mwaka huu tuligundua kwamba vijana wengi wa wanachama hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa kabisa, na wazazi walikuwa wakingoja mpaka mtoto afike miaka 18 ndipo wavitafute. Huo ni mzigo wa kujitwisha. Mwenye mtoto mchanga na amwandikishe sasa, wakati mkunga au hospitali ingali na kumbukumbu. Wajane wahakikishe kwamba vyeti vya vifo vya waume zao vina majina yaleyale yaliyo katika vitambulisho, herufi kwa herufi. Tumeona kijana akirudishwa mara tatu kwa sababu ya Mohamed na Muhammad.

Wenye hati za wazazi na mababu, yaani vipande vya zamani, risiti za kodi, vyeti vya ubatizo au vya ndoa, barua za kuachishwa jeshini au relini, wazilete ofisini Jumamosi kuanzia saa nane mchana. Zitapigwa nakala mbili, moja ya mwenyewe na moja ya kabati la Chama, na asili itarudishwa mkononi mwa mwenyewe palepale. Asiye na hati yoyote aje pia, pamoja na mzee mmoja anayemjua, ili maneno ya mzee yaandikwe angali hai. Wanachama wawili wamejitolea kufuatana na vijana mpaka mbele ya kamati kila itakapokaa, na mhazini amekubali nauli zao zitoke katika mfuko wa dharura.